Sakafu Inayosema

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Kinyozi alikuwa ameinama hasa. Alilala kifudifudi katikati ya chumba cha hoteli, sikio limebanwa sakafuni, kidole kikigonga chini taratibu kama mtu anayewabishia hodi wafu. Dada wa mapokezi alisimama mlangoni na ufunguo mkononi, hajui amwite mlinzi au amwite daktari.

"Kaka, umedondosha kitu?"

"Hapana."

"Sasa unatafuta nini huko chini?"

"Nasikiliza."

Akagonga tena. Sakafu ilikuwa na rangi ya mbao, mistari ya mbao, mpaka vifundo vya matawi ilikuwa navyo, lakini ilimjibu kwa mkato, kama mtu aliyeamshwa usingizini. Kinyozi akainuka, akavua kiatu, akaikita kwa kisigino. Maji ya kwenye glasi mezani hayakutikisika hata kidogo.

"Hii plastiki," alisema.

"Ni mbao, kaka. Hata kwenye tangazo tumeandika."

"Dada yangu, hii haijawahi kuota hata jani. Ukoo wake ni ndoo na beseni."

Yule dada akashika kiuno. "Ukoo tena! Kwani hao wazazi wako wanakuja kulala au wanakuja kuposa?"

Siku nyingine Kinyozi angecheka, maana alikuwa mtu wa mzaha. Siku hiyo alivaa kiatu chake njiani, akishuka ngazi kwa mguu mmoja, na kabla hajafika chini alikuwa ameshapiga simu hoteli nyingine. Ilikuwa Jumatano. Jumatatu ilikuwa inamjia kama gari lisilo na breki.

Habari yenyewe ilianzia kwa baba yake. Mzee huyo alikuwa amekula ujana wake kwenye kiwanda cha kupasua mbao, kazi yake kusimama kando ya msumeno mkubwa na kuulisha magogo. Msumeno ule ulimlipa mshahara, ukamdai masikio. Ulianza na la kushoto, ukarudi kuchukua la kulia, na mtetemo wake ukaiua mikono yake kwa ganzi, hata akishika kikombe cha chai ilimbidi autazame mvuke kwanza ndipo ajue kama kinaunguza. Kilichobaki hai kwake kilikuwa nyayo. Nyayo za Mzee zilisikia kuliko masikio ya watu wengi wanaojidai kusikia.

Nyumba yake aliijenga kwa mikono yake kabla haijafa, akaiwekea sakafu ya mbao nene juu ya mihimili, chini yake pakabaki uwazi wa kupita paka. Juu ya sakafu hiyo yeye na mkewe walijitungia lugha. Kisigino kimoja maana yake njoo. Viwili, kuna mgeni. Kisigino na mburuto wa unyayo, chakula tayari. Mama, ambaye hakuumbiwa kunyamaza, aliendelea kuongeza misamiati mwaka hadi mwaka. Kulikuwa na pigo la "punguza sauti, unawapigia kelele majirani." Kulikuwa na pigo jingine ambalo watoto hawakuelezwa kamwe maana yake, ila Mzee akilipata akiwa ukumbini alitabasamu, akaacha alichokuwa akifanya, na watoto wakatumwa dukani.

Mtu akimwita kiziwi aliwaka moto. "Kiziwi ni nyie!" alikuwa akifoka, kwa sauti ya mtu anayeshindana na msumeno. "Mna masikio mawili mawili na mama yenu anawaita mara tano! Mimi ananiita mara moja tu!"

Kisha moyo wa Mama ukaanza kuruka mapigo, kama mtoto anayeruka madimbwi. Walipokuja mjini mara ya kwanza kumwona daktari, walilala hoteli moja safi jirani na hospitali, vigae vinang'aa mpaka unajiona meno. Mama aliingia bafuni, akafunga komeo, kizunguzungu kikamtupa chini. Sauti haikutoka. Alikita kisigino kwenye vigae mpaka ngozi ikachubuka. Nyuma ya ukuta, hatua chache tu kutoka hapo, Mzee alikuwa ameketi dirishani anatazama magari yanavyopita, amefurahi kama mtoto. Mfanya usafi ndiye aliyesikia. Mlango ukavunjwa, Mama akaokolewa, na kesho yake Mzee akambeba mkewe akamrudisha kwao bila hata kumsubiri daktari.

Tangu siku hiyo neno lake likawa moja: mji wa sakafu bubu harudi.

Kinyozi aliwahi kumtumia simu inayotetemeka. Mzee akaiweka mezani, ikaita, ikaanza kutambaa. Akaifunika bakuli, akamwita mkewe aje amwone mdudu. Alipoelezwa aivae kiunoni mchana na usiku, alikataa kata kata. "Mimi si ng'ombe wa kufungwa kengele."

Sasa daktari wa moyo alikuwa amepata nafasi. Matibabu ya wiki kadhaa, Mama aende kila asubuhi na kurudi jioni alipofikia, maana vitanda vya wodini vilikuwa vya waliozidiwa. Aanze Jumatatu. Asipotokea Jumatatu, nafasi anapewa mwingine, na daktari hakuzunguka mbuyu: moyo wenyewe ulikuwa haujui tena kusubiri foleni. Mama alisema hatoki bila mumewe. Mumewe alisema hatoki bila sakafu.

"Baba kasema hivi," dada yake Kinyozi, aliyekuwa akikaa na wazazi, alimweleza kwenye simu. "Nitafutieni sakafu inayosema, nitamleta. Kama hakuna, tutafia kwetu, tumezoea."

"Mwambie waje kwangu!"

"Kwako ghorofa ya juu kabisa. Daktari alisema nini kuhusu ngazi?"

Ngazi za kwa Kinyozi hata panya walipumzika katikati. Na juu ukishafika, saruji tupu.

"Dada, huu mji mkubwa. Haukosi mbao."

"Basi zitafute, mdogo wangu. Mama anajichekesha tu mbele ya watu. Jana nimemkuta ameshikilia ukuta."

Kuanzia hapo Kinyozi hakukaa. Kazini alisimama mguu huu akahamia ule, simu imebanwa kati ya sikio na bega, mashine ya kunyolea inanguruma mkononi.

"Haloo, hoteli? Naomba kuuliza, sakafu zenu za nini? ... Za kukanyagia, najua ni za kukanyagia! Zimetengenezwa kwa nini?"

Mwenzake wa kiti cha pili, jamaa mmoja mwenye ndevu zilizochongoka kama sindano ya viatu, ambaye mtaa mzima ulimwita Kidevu, alikuwa akimtazama kwenye kioo na kutikisa kichwa.

"Ndugu yangu, niambie ukweli. Wazazi wako mchwa?"

"Kidevu, nitakunyoa hiyo ndevu usiku."

"Nauliza tu! Mtu anatafutia wazazi wake hoteli, anauliza kitanda, anauliza maji ya moto. Wewe unauliza mbao. Watalala wapi, watakula nini, hiyo haikuhusu, ili mradi mbao."

"Kinyozi," alilalamika mteja aliyekuwa chini ya mashine, "hiyo simu na kichwa changu, chagua kimoja. Naona upande huu umeshalima barabara."

Ni kweli alikuwa amelima barabara. Ikabidi amnyoe upara mzima, na mteja akatoka akijipapasa, analaani siku aliyozaliwa na nywele.

Kila alipopata upenyo alitoka mbio. Hoteli moja ilikuwa na mbao za kweli, lakini zimefunikwa zulia zito lililopigiliwa misumari, na aliposhika ncha ya zulia alifukuzwa kama mwizi. Nyingine mbao zilikuwa ukumbi wa chakula tu. "Sasa wazazi wangu walale juu ya meza?" aliuliza. Mahali pengine meneja mwenye tai alimtembeza chumba kizima, akanyoosha kidole juu kwa fahari, akamwonyesha dari. Kinyozi akamtazama mtu yule, akaitazama dari, akamwambia baba yake alikuwa na mambo mengi lakini hakuwa popo. Meneja akakunja uso, akasema wageni wa hoteli yake si watu wa kuvua viatu. Hapo damu ya Kinyozi ikachemka. Akamjibu kwamba wageni wake hawavui viatu kwa sababu wanaona aibu kukanyaga uongo kwa miguu mitupu. Alisindikizwa nje na walinzi, kichwa juu, kana kwamba yeye ndiye aliyewatimua.

Lakini njiani kurudi kile kichwa kilishuka. Maneno makali alikuwa nayo tele, tangu utoto. Sakafu ndiyo hakuwa nayo.

Kidevu alimpokea na ushauri. "Chukua ile ya plastiki. Mzee atafika amechoka, ataona mistari ya mbao, atalala. Jumatatu hiyo imefika, mama yuko kwa daktari. Uongo wa kumponya mtu una ubaya gani?"

"Baba hadanganywi miguuni."

"Atakasirika, halafu yatapita."

"Hayatapita! Siku ile alikaa dirishani akitazama magari na mke wake yuko chini anakufa. Wewe ungepitisha?"

Kidevu akaikusanya ndevu yake mkononi. Kinyozi naye akaanza kufagia nywele zilizokwisha kufagiwa. Moyoni, hata hivyo, ule ushauri ulikuwa umeshaingia na kuketi. Mama akianguka tena, je? Asipokuja kabisa, je? Alifagia mpaka Kidevu akamnyang'anya ufagio.

Ijumaa asubuhi akaketi kwenye kiti chake mchuuzi wa vitambaa, msafiri, macho mekundu, anapiga miayo ya kumeza kioo.

"Usingizi, bwana?"

"Usingizi niupate wapi? Nimelala hoteli moja kuukuu kule nyuma ya stesheni. Sakafu yake inalia. Mtu akienda chooni nyumba nzima inajua, na akirudi inajua kama amepona."

Mashine ikasimama juu ya kisogo cha mchuuzi.

"Inalia vipi?"

"Inalia kama mjane! Mbao za tangu enzi za babu yao. Ukigeuka kitandani yenyewe inauliza kuna nini. Kwa nini... wewe, unakwenda wapi? Kaka! Nusu kichwa hiki!"

"Kidevu, mmalizie!" Kinyozi alipaza sauti akiwa tayari barabarani, na Kidevu, ambaye hakutaka kupitwa na mwisho wa kisa hiki, alimalizia kwa kasi ambayo mchuuzi hakuisahau, akafunga duka, akamfuata.

Hoteli ilikuwa jengo refu la chini, halina ghorofa, limeinuliwa kidogo kutoka ardhini. Mwenye hoteli, mama mtu mzima mwenye miwani iliyofungwa uzi, aliwatangulia kwenye ujia huku akiomba radhi kila hatua.

"Mnisamehe kelele, wanangu. Wateja wamenisema mpaka nimechoka. Mwakani namwaga zege chumba kwa chumba."

"Usithubutu, mama!" Kinyozi alisema kwa nguvu hata yule mama akashika miwani.

Akafunguliwa chumba cha mwisho. Mbao pana, zimekwaruzwa, zimepauka palipopita miguu ya watu. Kinyozi alivua viatu. Alipokanyaga tu, alisikia nyumbani kwao kunampanda kupitia magoti.

"Kidevu, vua viatu. Simama kule, tazama ukuta, ziba masikio."

"Mimi?"

"Wewe ndiye baba."

"Basi nisalimie kwanza."

"Ziba masikio, mjinga wewe!"

Kidevu akaziba. Kinyozi akaingia bafuni, akarudisha mlango, akakita kisigino kimoja. Kidevu akaruka kama aliyekanyaga kaa la moto. "Imenipanda mpaka kwenye meno!" Wakabadilishana nafasi, wakajaribu kutoka kitandani, kutoka dirishani, kila pembe. Mwenye hoteli alisimama ujiani amejifunga mikono, anawatazama watu wazima wawili wakikitiana visigino mchana kweupe, na inaonekana aliamua kwamba ilimradi wanalipa, kila mtu na ibada yake.

Ilikuwa mchana kweupe, naam. Wageni wote walikuwa kwenye shughuli zao na jengo lilikuwa tupu kama mtungi. Jambo hilo Kinyozi hakulifikiria hata kidogo.

Wazazi walifika Jumamosi kabla ya adhuhuri. Mama alikuwa amepungua, nguo zinamwelea, lakini mdomo ulikuwa ule ule. "Umekonda, mwanangu. Huo mji wako unanyoa watu mpaka nyama?" Mzee alimshika mwanawe mabega, akampigia salamu iliyowageuza watu wa upande wa pili wa barabara. Kisha wakaingia chumbani.

Mzee alivua viatu mlangoni, akaingia peku, akatembea ukutani hadi ukutani, taratibu, kidole gumba cha mguu kikipima kila kiungo cha mbao. Katikati ya chumba akasimama, akafumba macho.

"Mbao ngumu!" alitangaza. "Imekaushwa kwa subira. Walioipasua hii walikuwa watu!"

Mama akamkonyeza Kinyozi, akaenda mpaka bafuni, akakita. Mzee, aliyempa mgongo, aligeuka papo hapo.

"Nimekusikia, bibi wewe! Usinichakaze!"

Kinyozi alitoka nje akijifanya anakwenda kuleta maji. Maji aliyaleta baadaye sana, macho yakiwa makavu. Alirudi kazini akipiga mluzi, akanyoa vichwa kama mtu anayechonga sanamu, na kila mteja aliyeuliza habari alipewa habari nzima.

Jioni, kabla hata taa za barabarani hazijawashwa, simu ikaita. Alikuwa Mama.

"Mwanangu, njoo. Baba yako anapanga nguo."

"Anapanga kabatini?"

"Anapanga kwenye begi."

Aliikimbia njia yote. Alipofungua mlango wa mbele wa hoteli alielewa kabla hajaambiwa. Wageni walikuwa wamerudi. Ujia ulijaa watu wanaokwenda kuoga na wanaotoka kuoga, mtu mmoja wa miraba minne anaburuta sanduku, watoto wawili wanakimbizana, mlango unabamizwa huku na mwingine kule, na sakafu nzima, ile sakafu yenye ulimi, inayasema yote kwa pamoja.

Mzee alikuwa ameketi katikati ya kitanda, miguu ameikunja juu, haitaki kugusa chini, begi liko mapajani. Mama alikuwa kwenye kiti karibu na dirisha, mkono kifuani, anapumua kwa mdomo.

"Mwanzo nilikuwa nacheka," alimwambia Kinyozi. "Kila dakika yuko mbele yangu: umeniita? Sijakuita. Anakwenda, anarudi: umeniita? Niko chooni, anagonga mlango: umeniita? Mwisho nikamfokea. Ndipo akapanda hapo juu kama kuku."

Kinyozi akaenda mbele ya baba yake ili mdomo wake uonekane, akasema taratibu, akisaidia kwa mikono. "Baba. Ni wageni. Ni miguu ya watu tu."

"Najua ni miguu ya watu!" Mzee alinguruma. "Ndiyo nasema! Kwangu sakafu ina ulimi mmoja. Hapa ni soko! Akiniita nitamjuaje? Huyu wa sanduku kaniita mara tatu! Watoto hao wameniita mpaka nimechoka kuitwa!"

"Nitawaambia watembee polepole."

"Utawaambia wangapi? Kesho asubuhi tunaondoka."

"Baba, Jumatatu..."

"Nimesema tunaondoka!"

Hapo Kinyozi akasahau kwamba anaongea na mtu asiyesikia. Akapiga kelele, mgongo umegeuka, anazunguka chumba kama chui kwenye tundu: kwamba amelala kifudifudi hoteli zote za mji huu, kwamba amefukuzwa na walinzi, kwamba amewapoteza wateja, kwamba Mama akirudi kule hatamaliza mwaka na wote wanajua na hakuna anayesema, kwamba sakafu, sakafu, sakafu, hivi mtu anaolewa na mume au anaolewa na sakafu! Kila aliposisitiza alikita mguu. Na kila alipokita, bega la Mzee, juu ya kitanda cha mbao, lilishtuka.

"Acha," Mama alisema. "Unampiga."

Kinyozi akaacha. Alipogeuka aliona uso wa baba yake, akatamani asingegeuka.

"Nilikuwa nahesabu yale mekundu," Mzee alisema. Mara hii sauti yake ilikuwa ndogo, ndogo kuliko walivyowahi kuisikia, kwa kuwa mwenyewe hakujua jinsi ya kuipima. "Magari mekundu. Nilitaka nikamwambie akitoka."

Ujiani mtu alipita na viatu vizito, kitanda kikatetemeka, Mzee akamwangalia mkewe kwa macho ya kuuliza, hakuweza kujizuia. Mama akatikisa kichwa: si mimi.

Kisha Mama akajiinua. Alishika kiti, akashika ukingo wa kitanda, akaketi mbele ya mumewe, uso kwa uso. Akavua kandambili, akampiga nayo gotini.

"Haya, umenisikia?"

"Nini wewe?"

"Nimekuita. Umenisikia au hujanisikia?"

"Nimekusikia. Uko hapo mbele yangu."

"Basi nitakuwa hapo mbele yako. Kwisha."

"Na bafuni?"

Mama akavuta pumzi. Kinyozi akamwona mama yake, mwanamke aliyekuwa akivaa kanga ya pili hata kwa kuchungulia dirishani, akimwaga fahari yake mwenyewe.

"Bafuni mlango utakuwa wazi," alisema. "Sifungi tena. Utaweka kiti mlangoni, utanitazama."

"Nikutazame unaoga?"

"Kwani kuna kipya? Ukiona aibu tazama miguu."

"Mtoto yuko hapa!" Mzee akafoka, sauti yake imerudi.

"Mtoto atoke nje!"

"Nimeshatoka," Kinyozi alisema, lakini hakutoka.

Mzee akalipapasa begi kwa mikono yake isiyohisi. "Wewe hukuwahi kuacha mlango wazi. Hata ulipokuwa na uchungu wa huyu ulifunga."

"Nilifunga. Na siku ile nilifunga komeo, ndiyo maana wakavunja. Wewe umeilaumu sakafu mwaka mzima, mimi nikakuacha uilaumu, kwa sababu nilitaka kuendelea kufunga mlango wangu." Akamshika kidevu ili asikwepe mdomo wake. "Mzee wangu, kule tutakakokwenda Jumatatu sakafu zote bubu. Utanirudisha nyumbani nife nikiwa nasikika? Mimi nataka kuishi hata bila kusikika. Ila uwe unanitazama. Uchoke kunitazama, useme nimekuchosha, halafu unitazame tena."

Watoto wakapita mbio ujiani, sakafu ikaguruma, na safari hii Mzee hakuinua macho kumwuliza mkewe kitu, maana macho yalikuwa tayari kwake.

"Nitachoka," alisema.

"Choka."

"Wewe una maneno mengi. Kutazama mdomo wako ni kazi ya kiwanda."

"Utalipwa."

Akashusha mguu mmoja chini, kisha wa pili. Begi akamsukumia Kinyozi kwa kiwiko. "Toa nguo hizo, unasimama tu kama mnara! Na mwambie yule wa sanduku alibebe kichwani!"

Jumatatu asubuhi walikwenda hospitali. Sakafu ilikuwa vigae mwanzo hadi mwisho, vimepigwa deki, baridi. Mzee alikuja na viatu vyake vya safari, vimefungwa kamba mpaka juu, na kutoka mlango wa nje hadi benchi la kusubiria hakutazama chini hata mara moja. Alitembea upande upande, nusu hatua mbele ya mkewe, uso umemgeukia, hata akagonga nguzo na kuiomba radhi kwa sauti iliyowaamsha wagonjwa.

Muuguzi akatokea na faili. Akaliita jina la Mama. "Ndugu mmoja tu ndiye anayeingia naye."

Kinyozi akasimama upesi. Alikuwa amejiandaa, maswali ya kumwuliza daktari alikuwa ameyapanga kichwani tangu alfajiri. Lakini Mzee, ambaye hakusikia jina wala sharti, alikuwa ameshasimama kwa sababu mkewe amesimama.

"Mama, niingie mimi," Kinyozi alisema. "Baba hatasikia daktari anasema nini."

"Nitamwambia mimi."

"Na ukizidiwa?"

"Atakuwa ananitazama. Kaa, mwanangu. Umefanya kazi yako."

Mlango ukafungwa nyuma yao. Kinyozi akakaa. Akasimama. Akaenda mpaka kwenye dirisha, akarudi, akaenda mpaka kwenye nguzo iliyoombwa radhi, akarudi, viatu vyake vikigonga vigae ko, ko, ko, urefu wote wa ujia. Nyuma ya mlango sauti ya baba yake ilisikika ikiuliza kwa nguvu, "Kasema nini?" na ya mama yake ikijibu taratibu, neno kwa neno, kwa mtu aliye karibu.

Akageuka tena, ko, ko, ko.

"Kijana," mlinzi wa mlangoni alimwambia, bila ubaya, "kaa kidogo basi. Sakafu yetu imekukosea nini?"

Kinyozi akakaa.